Akonaay Anakimbia Tena

Siku hizi wanariadha waliokufa hushindanishwa na walio hai. Mashine huwarudishia miili yao ya ujana kwa saa moja tu. Paskalina alikwenda uwanjani Babati kumtazama marehemu mumewe, Akonaay. Vijana wa leo walimpita mizunguko miwili, na watu wakacheka.

“Enzi zake alikimbia peku, tena kwenye vumbi,” Paskalina alimwambia msimamizi. “Mwacheni apumzike.”

“Mama, sheria hairuhusu. Watu wanataka kulinganisha.”

Paskalina akashuka hadi ukingoni mwa uwanja. Akonaay alikuwa amesimama peke yake, kijana wa miaka ishirini, akihema. Paskalina akamwita kwa jina. Akageuka, akamtazama, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, bibi.”



“Marahaba,” Paskalina akajibu.