Meli Imesogea

"Bwana, meli imesogea."

Mtafiti, Mzungu aliyeniajiri, hakuinua hata uso. Tulikuwa mbele ya Ujiji, tukishusha waya wenye kipande kizito cha madini ya risasi kupima kina cha ziwa. Mimi, karani kutoka Tabora, niliandika kitabuni kila kipimo na mahali kilipochukuliwa.

"Asubuhi kilima kidogo kilikaa mbele ya kikubwa," nikamwonyesha nchi kavu. "Sasa vimeachana. Na waya huo, tazama."

Waya ulikuwa umelala upande, umekaza kama kamba ya mbuzi anayegoma kwenda mnadani.

"Nani kakufundisha habari za vilima?"

"Baba yangu, Mayala. Alitembea njia ya misafara akibeba mizigo, Tabora mpaka Ujiji, mara kumi na moja. Hakupotea hata siku moja."

Akacheka, mabaharia wote wakisikia. "Baba yako alikuwa punda wa pembe za ndovu. Andika mahali pa asubuhi."

Punda! Bega la baba lilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Nikiwa mtoto nililikanda kwa mafuta ya karanga, lisilainike. Na pembe zilizolifanya vile ziko kwao Ulaya, zimechongwa vibonye vya vinanda.

Nikachukua dira, nikapima vilima upya. Nikachovya kalamu, nikaandika tulipo kweli.

Palibaki nafasi ya jina la mpimaji. Sikuandika lake, wala langu.

Niliandika: *Mayala, mpagazi.*

Kisha nikamgeuzia kitabu asome.