Nakala ya Ziada

Karatasi ikigongwa muhuri wa IMEONDOLEWA, kufikia asubuhi hakuna anayekumbuka kilichoandikwa humo, ila mwenye karatasi tu. Wakutubi wa serikali husomea kazi hiyo, na zoezi la mwisho hufanyiwa nyumbani.

Tunu alipoamka aliikuta fomu yake ya zoezi mezani, imejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe: "Nimegonga cheti cha kuzaliwa. Ni nakala ya ziada." Aliridhika. Mkufunzi aliwaambia waanze na nakala za ziada. Cheti cha nani, hakukumbuka.

Mumewe aliita kutoka jikoni, "Mama..." kisha akasita, kama mtu aliyezoea kumalizia na jina. "Hebu njoo. Huyu mtoto anayekunywa uji wetu ni wa jirani?"

Mtoto alimsogezea Tunu kikombe.

"Mama, leo hujanitilia sukari."