Kiatu cha Pili

Kiatu kilikuwa kimoja tu, cha kijani, cha mguu wa kushoto. Kila kesi ilipopanda ngazi, nacho kilipanda, ndani ya bahasha ya kaki.

Christella alikijua kuliko viatu vyake mwenyewe. Alikiona mahakama ya mwanzo, siku Kipchumba alipohukumiwa miaka miwili. Akakiona mahakama ya kati, rufaa ilipogonga mwamba. Leo kilikuwa Mahakama Kuu, na wakili alikwisha sema wazi kwamba hapa ndipo mwisho wa ngazi. Ikishindikana hapa, Kipchumba anarudi jela kumalizia kifungo chake, kwa kosa la kumgonga na kumuua Mugeni, muuza parachichi wa Niboye.

Kipchumba alikuwa Mkenya, dereva wa lori. Kinyarwanda chake kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo Christella, mkalimani, alisimama kando yake kama mara zote. Wala hakupangiwa. Kila faili lilipopanda, alikwenda mwenyewe kwa karani kuiomba kazi hiyo.

"Ariko, hivi wewe, huyo Mkenya amekuroga?" karani Natacha alimtania.

"Namwonea huruma tu."

Na kweli alimwonea huruma, jamani, mpaka nguo zikaanza kumpwaya.

Ukalimani una sharti lake. Husemi, "Mshtakiwa anasema aliona." Unasema, "Niliona." Unaazima mdomo wa mwenzio. Miaka tisa Christella alikuwa amekiri wizi, ngumi na matusi ya watu asiowajua, kisha akaenda zake Gisimenti kula brosheti, mishkaki ya mbuzi, moyo mweupe. Ila kesi hii ilimfuata hadi nyumbani. Hata kanisani, akifumba macho kusali, alimwona Mugeni amesimama, beseni kichwani, mguu mmoja peku. Anangoja tu. Christella akaiogopa barabara, gari akaliacha uani chini ya turubai, akawa mtu wa pikipiki.

Mara mbili mahakama ilimwuliza Kipchumba kilichotokea, na mara mbili alijibu vilevile: "Nilimkuta ameshaanguka. Nikasimama nimsaidie." Mara mbili Christella aliyageuza maneno hayo kuwa Kinyarwanda, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nani angeyaamini? Damu ya marehemu ilikuwa kwenye shati lake, na lori lake lilikuwa palepale. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kabla ya kuingia leo, Kipchumba alimnong'oneza, "Dada, mwanangu wa mwisho ameanza kutembea. Nimeambiwa kwa simu."

"Hongera, kaka," alisema Christella, akageuka upande.

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, alikitoa kiatu kwenye bahasha, akakiweka mezani. Alisema kwa Kinyarwanda, taratibu, "Mwulize mara ya mwisho. Asubuhi ile ilikuwaje? Na kiatu cha pili kiko wapi?"

Christella alimtazama Kipchumba. Kipchumba naye alimtazama, mikono juu ya ukingo wa kizimba. Kisha Christella akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa," alisema kwa Kinyarwanda. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilichelewa kazini, nikakimbiza gari. Nilipomwona nilikuwa nimeshamfikia. Parachichi zilitawanyika barabara nzima. Sikuwa na nia ya kumuua, Mungu ananiona. Lakini nilimuua. Kiatu cha pili kilinasa chini ya gari. Nilikificha. Nitawaonyesha kilipo."

Wakili aliinuka nusu, akakaa tena. Kalamu ya Natacha ilikimbia kwenye karatasi, ikasimama. Mama yake Mugeni, kwenye benchi la mbele, alijifunika uso kwa kitenge akaanza kulia.

Jaji alivua miwani. "Mwambie arudie," alisema. "Tuandike vizuri."

Kipchumba alimvuta Christella mkono wa koti.

"Dada, mbona huyo mama analia? Umewaambia nini?" aliuliza. "Mimi hata swali bado hujaniuliza."