Jina Tupu

Gazeti lilipotafuta mwongozo wa uandishi, Salha, mhariri wa tanzia, ndiye aliyeuchagua huu: marehemu aandikwe jina tupu, bila "Mzee" wala "Bi". Wafiwa walimlalamikia kwenye dirisha la kupokelea matangazo, naye akawajibu, "Hapa ni gazetini, si matangani."

Kisha akafiwa yeye. Chande, mpanga kurasa, aliisoma tanzia aliyoileta Salha, akasita.

"Dada, hii 'Bi Mwanaharusi' haitoki."

"Ni mama yangu, Chande! Tangu nizaliwe sijamtaja kwa jina tupu."

"Pole sana. Lakini mwongozo uliuchagua wewe."

Akamsogezea kalamu nyekundu. Salha akaishika, ncha ikatua juu ya "Bi", ikabaki hapo. Dirishani alisimama mjane ambaye Salha alimjibu vile juzi, akiutazama mkono wa Salha bila kupepesa macho.