Kikombe cha Pili

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, wakubwa wa chama cha kriketi walipomwacha mrushaji bora wakampanga mpwa wa mwenyekiti. Jumamosi, siku ya tano ya mechi, ulibaki mpira mmoja, na aliyeshika gongo ni mpwa huyohuyo. Akiuzuia, ni sare. Ukiangusha vijiti vilivyo nyuma yake, timu ya nyumbani imefungwa.

"Mzee Kibwana, usiinuke, utatutia nuksi!" alifoka Bi Mwanahawa kutoka kiti cha nyuma jukwaani.

Mzee aliikumbatia chupa ya chai. Marehemu mkewe hakuifungua kamwe kabla ya mpira wa mwisho.

Kijana aliuzuia. Uwanja mzima ukashusha pumzi.

"Sasa wakubwa watajisifu," mzee alinung'unika huku akicheka, akamimina vikombe viwili kama zamani.

Bi Mwanahawa alichungulia. "Hicho cha pili cha nani?"