Birika la Bi Raya

Mbwa alilala jikoni kwa Zamda, ubavu umebabuka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Zamda alimpaka shubiri kwa ncha za vidole. Kila alipoguswa penye kidonda, mbwa alimng'ata mkono, kisha akaulamba palepale. Zamda alimwacha ang'ate. Hasira zake zilikuwa na mtu mwingine.

Mtu huyo, jirani yake Bi Raya, alisimama mlangoni, kaziba pua kwa mtandio.

"Mikono hiyo ndiyo itakayotupikia pilau la maulidi? Imejaa mate ya mbwa."

"Nitaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani mimi na wewe. Itatakata." Zamda hakugeuka. "Yako iliyommwagia kiumbe maji ya moto kwa kosa la kulala barazani kwako, utaiosha na nini?"

Bi Raya aligeuka, akaenda zake. Zamda alimsindikiza kwa msonyo mrefu.

Muda si muda akarudi, mkono mmoja kashika kisahani chenye udongo, mwingine birika.

"Toa mikono nikumiminie," alisema, macho chini.

Kabla Zamda hajajibu, mbwa aliliona lile birika. Alijikokota hadi ukutani akilia, mkojo unamtoka.

"Ni ya baridi," Bi Raya alimwambia mbwa. "Wallahi ni ya baridi. Tazama." Akajimiminia mkononi mwake mwenyewe.

Mbwa alizidi kulia, na Bi Raya akazidi kumimina.