Machozi ya Pilipili

Tangu kulia kulipopigwa marufuku, ni machozi ya pilipili tu yaliyosamehewa. Ndiyo maana kila gari lilisimama Kitumbwini, abiria wakashuka kula pweza wa kukaanga wa Bi Mwanahawa.

Asubuhi moja alishuka mama aliyezika mwanawe jana yake. Bi Mwanahawa akampa kigoda na sahani iliyokolea pilipili. Mama akaangua kilio kabla hajaonja.

Askari akasogea. "Huyu hajala! Twende."

"Taratibu, mjukuu wangu," akasema Bi Mwanahawa, akamwaga bakuli zima la pilipili kwenye makaa. Moshi ukatanda, macho ya wote yakabubujika. "Haya, tukamate sote. Anza na wewe mwenyewe."

Moshi ukaisha, abiria wakajipangusa. Askari alikuwa bado analia. Bi Mwanahawa akamsogezea naye kigoda.